Kimulimuli na Blanketi la Nyota

Paukwa!
Pakawa!
Nimewaletea wingu!
La mvua?
La vumbi. Haya, tulieni.

Hapo kale nyota walizaliwa pamoja ndani ya wingu moja la vumbi. Walijifunika wingu hilo kama blanketi, wakalala wamebanana. Kaka yao mkubwa, Mng'azi, alikuwa mnene, na kazi yake ilikuwa kula vumbi: nyam, nyam, nyam! Kitindamimba wao, Kimulimuli, alikula punje tu.

"Kaka, utapasuka."

"Nyamaza wewe! Mkubwa hutangulia kula."

Siku moja akaja Fisi, udenda unamtoka. "Nasikia harufu ya vinono! Leo nawala wote!"

Ndugu wakaangua kilio. Kimulimuli akamtazama kaka yake. Tumbo limevimba, uso umekuwa mwekundu, ndani anachemka: toko, toko, toko. Akajua huyu hana siku nyingi.

"Shikamoo, Mzee Fisi."

"Marahaba. Sema upesi, nina njaa."

"Mgeni wetu haanzi na vidagaa. Mila yetu, mkubwa hutangulia."

Mng'azi hakuuliza anatangulia wapi. Alisikia tu kwamba anatangulia, akajitokeza kifua mbele.

Fisi akambugia mzima. Tumboni, toko, toko, toko... PUUU! Fisi akapasuka vipande vipande.

"Kimulimuli hoyee!" ndugu wakashangilia.

Kisha wakahisi baridi. Mshindo ule ulikuwa umepeperusha blanketi lote, na hakukuwa na kitu kingine cha kuwaweka pamoja. Huyu akasogea kidogo. Yule akasogea kidogo. Hakuna aliyeaga, maana kila mmoja alidhani anasogea kidogo tu.

Waliobaki karibu karibu ni wale wachache mnaowaita Kilimia, mkiwaona mnashika majembe. Msijidanganye, nao wanasogea.

Kimulimuli alishuka hadi huku chini kuwatafuta. Mpaka leo anawaita kwa taa yake ndogo: waka, zima, waka, zima. "Mko wapi?" Hajibiwi. Na aliyempeleka kaka yake kinywani mwa Fisi ni yeye, anajua, na inamuuma.

Hadithi yangu imekomea hapo. Utamu wake gawaneni, uchungu niachieni mimi, nimeuzoea.

Fundisho? Heshimuni kaka zenu, waacheni watangulie. Mtakaa salama kabisa, kila mtu peke yake.