Amri ya Mwisho ya Meja Kitavi

Kuna watu wanaoona aibu kuuliza njia hata wakiwa wamepotea. Hujifanya wanaijua, wakatembea kwa mwendo wa wenyeji, na jua likawachwea mahali wasipopajua. Wahenga waliwaona watu wa namna hiyo tangu zamani, wakawanong'oneza kwamba kuuliza si ujinga. Maana yake ni nyepesi: anayeuliza huona haya kwa kitambo kidogo, lakini asiyeuliza hubaki na hasara yake. Methali hii wengi huwaambia wanafunzi na wageni. Mimi nitaisimulia kwa mtu na mkewe, waliokula meza moja miaka mingi, na nusura wauze nyumba yao kwa sababu kila mmoja alidhani hapakuwa na haja ya kuuliza.

Meja Kitavi alistaafu jeshini akiwa na afya njema, mgongo umenyooka na masharubu yamepunguzwa kwa mstari. Yeye na mkewe Kavutha walihamia katika nyumba yao ya mtaa wa Mountain View, hatua chache kutoka barabara ya Waiyaki Way, nyumba waliyoijenga kidogo kidogo wakati wa utumishi wake. Binti yao wa pekee, Stellah, alikuwa muuguzi mjini Calgary, nchini Kanada, na huko alikuwa ameolewa na kujaliwa mtoto.

Kavutha alikuwa mke wa mwanajeshi aliyeiva. Alikuwa amefuata uhamisho wa mumewe Nanyuki, Gilgil, Mariakani, Isiolo, kisha Gilgil tena. Katika nyumba za kambini, mke hasifiwi kwa uzuri wala kwa mapishi. Husifiwa kwa wepesi wa kufunga virago. Mume akiingia na kusema, "Tunaondoka," mke hodari haulizi wapi wala kwa nini. Hutafuta kamba. Kavutha aliwashinda wote katika jambo hilo. Lori la jeshi lilipofika alfajiri lilimkuta ameketi juu ya magodoro yaliyokwisha kufungwa, anakunywa chai. Maafisa wachanga waliwaleta wake zao kwake wajifunze. Sifa hiyo ilimwingia damuni, nayo sifa ikimwingia mtu humfanya atende hata lile ambalo moyo wake unalikataa.

Jambo moja tu lilimuudhi siku zote: mapazia. Kila nyumba ya serikali ilikuwa na madirisha ya kipimo chake. Pazia lililotosha Nanyuki lilibururika sakafuni Mariakani, na likishapunguzwa Mariakani liliishia katikati ya kioo Isiolo. Kavutha alishona na kufumua, akafumua na kushona. Walipoingia Mountain View alinunua kitambaa kipya cha rangi ya samli, akapima kila dirisha, akarudia kulipima, ndipo akatia mkasi. Ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yake kukata pazia bila kuacha upindo wa akiba. Alipokwisha kuyatundika aliketi sebuleni akayatazama, akafurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Krismasi.

Mwaka haukuisha. Asubuhi moja, baada ya chai, Meja alisimama, akabandika ramani ya Kanada ukutani na kuchukua mwiko wa kuelekezea. Alitangaza kwamba kulikuwa na operesheni mpya, naye alikuwa ameipa jina: Operesheni Theluji. Nyumba ingeuzwa. Stellah angewapokea kwa muda, kisha wangejinunulia makao karibu naye na kuishi huko moja kwa moja. Safari yenyewe aliipanga kwa awamu, na kila awamu ilikuwa na kamanda wake, ingawa makamanda wote walikuwa yeye mwenyewe.

"Maswali?" aliuliza mwishoni, huku tayari anakunja ramani.

Mtu aliyewahi kukaa jeshini anajua neno hilo lina maana gani. Mkubwa akisema "maswali" huku anakunja ramani, amesema kwamba mkutano umekwisha. Kavutha alikuwa kwenye sinki, mikono ndani ya povu. Alijibu kama alivyozoea kujibu, nusu mzaha, "Hakuna, afande." Meja akaenda zake akiwa ameridhika kwamba mkewe ameafiki.

Kavutha alibaki akiisugua sufuria moja kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kwa kweli alitamani kulia. Hata hivyo, aliwaza kuhusu maafisa wengine waliostaafu kisha wakanyauka kama sukuma wiki isiyonunuliwa. Mumewe naye alikuwa ameanza kwenda hadi langoni na kurudi, kwenda na kurudi, kama mlinzi wa zamu asiye na cha kulinda. Ikiwa theluji ingempa kazi ya kufanya, basi na theluji ije. Alijikaza kisabuni, akaenda soko la Gikomba kununua makoti mazito, akayatundika nyuma ya mlango wa chumba. Kila alipofungua mlango huo yalimwangukia.

Mnunuzi alipatikana upesi. Alikuwa Mohdhar, mfanyabiashara wa vitambaa katikati ya jiji, mtu wa pwani mwenye maneno laini na moyo safi. Alizunguka nyumba yote akisifu mbao, vigae na upepo wa veranda. Walipofika sebuleni alisimama mbele ya dirisha kubwa na kuushika upindo wa pazia kwa vidole vya mtu anayejua kazi. Akasema ana ombi moja tu, kwamba mapazia yasiondolewe, yauzwe na nyumba.

"Hiyo si shida," Meja akajibu. "Huko tunakoenda hayatatosha."

Kavutha alikuwa anaingia na sinia ya chai. Chai ilimwagika kidogo sahanini, naye akairudisha jikoni kumimina nyingine.

Siku ya kutia sahihi walikutana Upper Hill, katika afisi ya wakili aliyeitwa Wanjira, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Sheria inataka nyumba ya wanandoa isiuzwe hadi mke au mume aridhie, na mawakili wengi husogeza tu karatasi na kalamu. Wanjira alikuwa na desturi yake. Aliwaomba Meja na Mohdhar watoke nje kidogo, abaki na mama peke yake. Meja alitabasamu. Alimwambia kwamba angekuwa anapoteza wakati, maana mkewe alikuwa amearifiwa kila awamu. Wakili akamshukuru na kumfungulia mlango.

Walipobaki wawili, Wanjira aliivaa miwani yake, akamtazama Kavutha usoni.

"Mama, hii kitu lazima nikuulize, na sitaki haraka. Wewe mwenyewe, unataka hii nyumba iuzwe?"

Kavutha alifungua kinywa kusema ndiyo, kwa kuwa ndiyo ilikuwa imekaa tayari ulimini kama ilivyokaa miaka yote. Haikutoka. Alijaribu tena. Machozi yalimlengalenga, kisha yakamshinda, na mwanamke aliyehama kambi baada ya kambi bila kulalamika akalia mbele ya mtu asiyemjua.

"Hakuna mtu amewahi kuniuliza," alisema.

Wakili alimsogezea maji, akangoja. Kavutha alipofuta uso alimweleza habari za mapazia, jinsi alivyoyapima na kuyakata bila akiba. Alisema anampenda binti yake na anatamani kumbeba mjukuu, lakini hataki kwenda kuzeeka kwenye madirisha ya watu. Kisha akaomba mumewe aitwe, kwa sababu hakutaka maneno hayo yamfikie kupitia kwa mwingine.

Meja aliingia akaiona karatasi haina sahihi, akayaona pia macho mekundu ya mkewe. Kwanza alipandwa na hasira, ile hasira ya mtu aliyeaibishwa mbele ya mgeni.

"Lakini nilikuuliza, Mama Stellah. Kila mara nilisema maswali."

"Ulisema ukikunja ramani," Kavutha akajibu kwa upole.

Meja aliketi. Alishika tama, na waliokuwepo wakaona masharubu yale ya mstari yakitetemeka. Hapo ndipo alipotoa lililokuwa moyoni. Alikumbusha siku aliporudi Gilgil kutoka kazi ya kulinda amani nchi za mbali, wakati Stellah angali mtoto mgongoni. Kavutha alimpokea mkoba, akamwambia kwamba iko siku na yeye atapanda ndege aone ng'ambo. Meja aliapa kimoyomoyo kwamba akistaafu itakuwa zamu ya mkewe. Alikuwa amelibeba neno hilo katika kila uhamisho kama deni. Yeye mwenyewe baridi alikuwa haipendi hata kidogo. Goti lake lilikuwa likimuuma tangu Nanyuki, na asubuhi za Mountain View alizifurahia, majirani wakimwita Meja kutoka upande wa pili wa barabara. Kule kwenda langoni na kurudi hakukuwa kuchoka na maisha, bali kunyoosha goti.

Kavutha alimsikiliza mdomo wazi. Kisha akaanza kucheka, machozi yangali mashavuni.

"Baba Stellah, mimi nilisema kupanda ndege," alisema. "Sikusema kuuza nyumba."

Hata wakili akainamisha kichwa kuficha tabasamu. Meja alicheka naye, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. Ndipo wote wakamkumbuka Mohdhar, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkoba wake. Meja aliinuka, akamwomba radhi bila kuzungukazunguka, akakiri kwamba kosa ni lake, kwa kuwa alileta nyumba sokoni kabla ya kumuuliza mwenye nyumba.

Mohdhar hakukasirika. Alikuwa anajikuna kidevu.

"Usione haya, Meja," alisema. "Mimi nami Zena sijamuuliza. Nilitaka nimshtue kwa furaha."

Aliomba ruhusa akatoka kumpigia mkewe simu ukumbini. Aliporudi alikuwa ameloa jasho kidogo. Zena, alisema, hataki kusikia habari ya kuhamia mbali na dada zake na msikiti aliouzoea, na amemwambia arudi nyumbani wazungumze. Alimpa Meja mkono, akamwomba Kavutha siku moja amwonyeshe mkewe namna ya kukata mapazia yale, wakaagana kwa vicheko.

Kavutha na Meja walishuka hadi Westlands kula chakula cha mchana, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya tangu Meja astaafu. Mhudumu alipofika Meja alianza kuagiza kama kawaida, chai mbili za maziwa, kisha akakatiza. Alimgeukia mkewe na kumuuliza atakunywa nini. Kavutha alisema anataka ya rangi yenye tangawizi, kwani ya maziwa hajawahi kuipenda. Meja alimtazama kama mtu aliyeambiwa jina jipya la mahali alipozaliwa. Kisha akaanza kuuliza na mengine, na mkewe akayajibu yote, na chai ikawapoa bila wao kujali.

Kesho yake, baada ya kifungua kinywa, Meja aliirudisha ramani ukutani, lakini mwiko aliuacha jikoni. Alisema angependa kutoa amri ya mwisho maishani mwake, kisha asitoe nyingine. Nyumba isiuzwe. Wapande ndege wote wawili, wakamwone Stellah na mjukuu, wakae mpaka hamu iwaishe, kisha warudi. Tena safari hii mizigo aifunge yeye, mkewe aketi anywe chai.

Alipomaliza alitazama ramani. Hakuikunja. Alivuta kiti akakaa mbele ya mkewe, akaweka mikono juu ya meza.

"Maswali?" alisema, akangoja.

Kavutha aliyatazama mapazia yake, yaliyokuwa yamegusa sakafu sawasawa. Moyo ulimjaa raha asiyoweza kuificha. Akasogeza kikombe kando.

"Ninayo mengi," alisema.

Jua lilipanda, wakaandaa chakula cha mchana pamoja, na bado alikuwa hajayamaliza. Ramani ilibaki imefunguliwa ukutani siku nzima, kwa maana Meja Kitavi, aliyejua kuamuru tangu ujana, alikuwa amejifunza uzeeni lile waliloliona wahenga mapema: kuuliza si ujinga.