Kwa Nini Jibu la Kansa Hutaja Askari

Ninyi mnaoanza kazi leo mmeikuta desturi hii imesimama. Zamani haikuwapo. Enzi hizo, katika hospitali yetu hii ya milimani, maabara iliulizwa jambo moja tu juu ya kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe: ni kansa, au si kansa? Zile chembe ndogo nyeupe za damu zilizotapakaa humo, askari wa mwili, hakuna aliyezijali. Waliziita vumbi.

Atupakisye hakuziona vumbi. Alikuwa fundi wa maabara, mwanamke mpole asiyependa mabishano, na miaka kumi na tisa alikuwa ameinamia hadubini. Katika uvimbe mwingine aliona askari wameingia hadi katikati. Kwingine walisimama pembeni kama wageni wasiokaribishwa. Na kwingine, jambo lililomnyima raha, walikuwa wamegeuka: wakaulisha uvimbe na kuusafishia njia ya kufika kwenye damu. Akavitoa vioo vya zamani vyenye vipande vya uvimbe, akawaulizia wagonjwa wenyewe mmoja mmoja. Wengi ambao askari waliingia ndani ya uvimbe wao walikuwa hai. Wengi waliosalitiwa na askari wao, kansa ilikuwa imewaenea upesi.

Ndipo akaletwa Tusekile, mfinyanzi wa vyungu, mwenye kidonda cheusi kwenye wayo. Kansa ilishafika mapafuni, na dawa mbili zilikuwa zimeshindwa. Daktari Mwakitalu, aliyekuwa akimtibu, aliandika arudishwe nyumbani akatunzwe na wanawe.

Atupakisye alipotazama kinyama chake, alikitazama tena mara ya pili. Akavua glavu, akaenda wodini, akamkuta daktari mbele ya wauguzi.

"Daktari, naomba uje uone kitu."

"Mama Atu, jibu si ulishanipa?"

"Nilikupa nusu. Askari wa yule mama wamejaa mle ndani. Hawakukimbia wala hawakugeuka. Wamelazwa usingizi tu."

Daktari alikuja, akainamia hadubini, akasogeza kioo polepole. "Miaka yote hii nimekuwa nikiwatazama," akasema, "na sikuwaona."

Siku hiyohiyo aliandika barua kwa hospitali kubwa ya mjini, walikokuwa wakijaribu dawa ya kuamsha askari wa mwili. Tusekile alipokelewa. Mwezi wa nne wa dawa, picha ya mapafu ilionyesha vivimbe vimenywea; mwaka ulipokwisha, havikuonekana. Si kila aliyefuata nyuma yake alipona. Wenye uvimbe usio na askari, dawa ile haikuwa na wa kumwamsha, wakatafutiwa tiba nyingine mapema badala ya kupotezewa muda.

Na tangu siku hiyo, hakuna jibu la kansa linalotoka maabara hii bila kutaja askari wamesimama wapi na wako upande wa nani. Daktari mgeni akiuliza ni profesa gani aliyeanzisha jambo hilo, Atupakisye huinua uso kwenye hadubini.

"Ni mimi," husema. "Vuta kiti, nikuonyeshe."