Nani Alimrudishia Mbwana Joto Lake

Sogeeni karibu, na mwenye mtoto mgongoni amfunike vizuri, maana hadithi hii ina baridi, na baridi yake haiishi hata ukishafika mwisho.

Juu kabisa kwenye milima ya Unyakyusa, katika kijiji cha Lukasi, ambako mwezi wa sita watu wanashinda na makoti na maharage yanagoma kuiva, waliishi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza aliitwa Bupe, fundi cherehani. Mguu wake mmoja ulikauka tangu utotoni na alitembelea gongo, lakini macho yake yalikuwa futi kamba. Ukipita tu barabarani alijua kiuno chako kimeongezeka, na mara nyingi alijua na sababu.

Wa pili aliitwa Ambakisye. Alipiga kengele ya shule miaka thelathini, na watu wakamwita Bwana Dakika. Alivaa saa mbili, moja kila mkono, "ili zichungane," alisema. Ukimwambia nakuja sasa hivi, anakuuliza sasa hivi ni saa ngapi.

Wa tatu alikuwa Ikupa, mama kijana, na kipaji chake hakuna aliyekiita kipaji. Mwanawe Lusajo alizaliwa kabla ya miezi yake, kilo moja na robo, na Ikupa alikaa wodini wiki sita amembandika kifuani, ngozi kwa ngozi, blanketi juu, kama muuguzi alivyomfundisha, mpaka mtoto akapata joto lake mwenyewe. Tangu hapo akikushika mkono tu anajua joto lako limepungua kiasi gani. Na tangu hapo hakutulia tena. Akitoka kuchota maji anarudi kutoka nusu ya njia, ndoo tupu, kumgusa mtoto miguu, kisha anaondoka, kisha anarudi.

Mume wake aliitwa Mbwana, mtu wa Mafia, mzamiaji, aliyemfuata Ikupa mpaka huko juu. Siku ya harusi ndugu zake hawakuweza kufika, safari ni ndefu, kwa hiyo Ambakisye alisimama kama baba yake. Na kwa desturi ya huko, baba mkwe akishakuwa baba mkwe, mwali, yaani mke wa mwanawe, hamsogelei. Hamtazami usoni, hasemi naye, akimsikia anakohoa njiani anaingia migombani mpaka apite. Miaka miwili Ikupa alikuwa anaingia migombani, na Bwana Dakika naye alikuwa anakohoa mapema ili ampe nafasi.

Sasa, kijiji kilipata maji kutoka ziwani. Ziwa la Lukasi liko ndani ya shimo la mlima wa moto uliozimika zamani, maji meusi, baridi ya kuuma mifupa, na bomba linaanzia mita kumi chini penye wavu wa chuma. Mwaka ule gogo lilizama likakaa juu ya wavu, majani yakajaa, na bomba likakauka. Watu wakarudi kuchota korongoni, kushuka nusu saa, kupanda saa nzima.

Mama Tumpe, mwenyekiti wa kamati ya maji, akaja kwa Mbwana. "Shemeji, wewe si ndiye samaki wetu?"

Mbwana akacheka. "Mama, mimi nimezamia bahari kuu. Ziwa lenu hili ni birika tu."

Akaagiza vifaa vyake, vikaja kwa lori: mitungi mitatu ya hewa, miwani na suti nyembamba ya mpira aliyoachiwa na mtalii mmoja mnene. Akajipaka mafuta ya nazi mwili mzima, maana kwao wazee walifanya hivyo, akaingia. Dakika sita hazijaisha akatoka, meno yanagongana hadi watu wa ng'ambo wakasikia.

"Birika limechemka, shemeji?" akauliza Bupe.

"Ni... ni... nicheke... baadaye."

Ikupa hakucheka. Alimshika masikio, akamshika shingo, akamshika vidole, na usiku kucha akawa anafikiria mtoto asiyejua hata kusema baba.

Hapo Bupe akafanya la kwake. Aliichukua ile suti, akamwambia Mbwana aivae asimame. Akamzunguka na gongo lake, tok, tok, tok. "Suti hii inapumua," akasema. "Shingoni inapumua, mgongoni inapumua. Kinachokupa joto humo ndani ni yale maji kidogo yaliyokaa kati ya mpira na ngozi yako. Mwili unayapasha, yanakaa. Sasa wewe kila ukinyoosha mkono yanatoka, yanaingia mengine. Unalipasha moto ziwa zima, shemeji!" Akakata, akabana, akaunganisha kwa gundi ya kuzibia pancha na uzi usiotoboa mpaka ndani. Mabaki akashonea kofia ya kufunika kichwa mpaka kidevuni. Siku tatu hakushona nguo ya mtu mwingine. Mbwana alipoijaribu, maji kidogo yaliyoingia mwanzo yalikaa, hayakutoka hata kijiko. Kuivaa ilikuwa kazi ya watu wawili na sabuni.

Siku ya kazi Bwana Dakika akafanya la kwake. Alimfunga Mbwana kamba kiunoni, ncha nyingine akajizungushia mkononi, akasema, "Kila dakika mbili navuta mara moja. Na wewe unanijibu mara moja, kabla sijahesabu tatu. Ukichelewa, ninakupandisha."

"Hata kama kazi haijaisha?"

"Kazi haina mtoto."

Ikupa alisimama mbali, nyuma ya kibanda cha mlinzi, Lusajo mgongoni, maana baba mkwe yuko pale ufukweni na yeye hawezi kusogea. Aliona kamba tu, kiasi cha mikono miwili, inaingia majini. Anakaa, anasimama, anamgusa mtoto miguu, anasimama tena.

Asubuhi Mbwana alizama nusu saa, akatoa majani yote. Akapanda, akanywa chai, na kabla midomo haijarudi rangi yake akataka kushuka tena. "Gogo limelegea," akasema. "Nikilifunga mnyororo, mnavuta, tumemaliza."

"Mwili wako haujapata joto," Ikupa alimwambia pale nyuma ya kibanda, amemshika vidole. "Nakuambia haujapata. Nakujua."

"Dakika ishirini tu, mama Lusajo."

Akazama. Dakika ya pili kamba ikajibu. Ya nne ikajibu. Watu wakaanza kupiga soga, wakaanza kuchoma mahindi. Dakika ya kumi na mbili ikajibu, lakini Bwana Dakika alikuwa amefika tatu kamili. Ya kumi na nne alifika tano. Na jibu lenyewe halikuwa mara moja, lilikuwa mara moja, kimya, kisha mara mbili, kama mtu aliyesahau alichokuwa anahesabu.

"Ninamtoa," akasema.

"Aka!" Mama Tumpe akaruka. "Mnyororo umekaza, si unaona? Amefunga! Mpe dakika mbili ahakikishe fundo."

"Likifunguka je?" wengine wakapiga kelele. "Mtungi wa mwisho huo! Muache, Dakika! Leo ndiyo umeamua kuwahi?"

Nyuma ya kibanda, Ikupa alitaka kupiga kelele kwamba avute, mvute, mvute, baba, lakini miaka miwili hajawahi kumsemesha mtu yule. Alitia mtandio mdomoni akauma. Na kusema kweli alikumbuka pia korongo, na ndoo, na akajichukia kwa kukumbuka.

Bwana Dakika hakungoja mtu. Alivuta, taratibu, kwa hesabu, maana mzamiaji hapandishwi kama ndoo ya kisima. Alivuta huku watu wanamtukana, na mmoja akamshika bega, yeye akatikisa bega akaendelea kuhesabu.

Mbwana alitoka midomo ya kijivu. Hakuwa anatetemeka. Watu wakafurahi, wakasema tazama, hata hatetemeki! Naye akatabasamu kama mlevi, akasema, "Hapa pana joto. Nivueni. Nataka kulala kidogo."

Ikupa alisikia sauti ile kutoka nyuma ya kibanda. Lusajo naye aliwahi kulegea na kutulia hivyo, wodini, alfajiri moja, na muuguzi alikuja mbio.

"Mleteni motoni!" Mama Tumpe akaamuru. "Msugueni mikono na miguu! Nani ana pombe kali?"

"Msimsugue!"

Watu wakageuka. Ikupa alikuwa amefika katikati yao, miguu pekupeku, mtoto analia mgongoni. Na uso wake ulikuwa mbele ya uso wa Ambakisye, hatua mbili. "Baba," akamwambia, neno la kwanza tangu harusi, "mshike kichwa, alale, asisimame. Fundi, ivue suti hii."

Suti haikuvuka. Ilikuwa imebana kama ilivyoshonwa ibane, na sabuni hakuna. Bupe alitazama kazi yake ya siku tatu, akatoa mkasi, akaipasua kutoka shingoni mpaka kitovuni.

Wakamfuta maji. Ikupa akamfungua Lusajo, akampa Bupe. Halafu akafungua vifungo vya blauzi yake mbele ya kamati nzima ya maji, mbele ya mchungaji wa kanisa, mbele ya baba mkwe, akalala juu ya mume wake kifua kwa kifua. Bwana Dakika alifumba macho, akageuza shingo, akavua koti lake akawafunika, juu yake yakaja mablanketi, na akabaki amekishika kile kichwa chenye kofia ya mpira huku anaangalia mlimani.

"Ongea na mimi," Ikupa akamwambia mumewe. "Mtoto wako anaitwa nani?"

"Nani?"

"Mtoto wako. Anaitwa nani?"

Alimuuliza mara nyingi. Baridi ya Mbwana ilimwingia mpaka yeye akaanza kutetemeka. Bwana Dakika, macho mlimani, alihesabu kwa sauti. Dakika ya thelathini na tatu mwili wa Mbwana chini yake ukaanza kutikisika, kidogo, kisha kwa nguvu, meno yakagongana, na Ikupa akalia kwa furaha kwa sababu mtu anayetetemeka bado anajitafutia joto.

"Lu... Lusajo," akasema Mbwana.

Siku ya pili vijana wakavuta mnyororo. Fundo lilikuwa zima. Gogo likang'oka, bomba likakohoa, likatema matope, na maji yakafika kijijini, isipokuwa upande wa juu wanakokaa wale watatu, ambako bomba halijawahi kufika na watu huchota korongoni.

Sasa ndipo mtanziko ulipoanza.

Kamati ilibakiwa na roli moja la bomba la plastiki, limeviringwa kama kamba. Halifiki mbali, linafika mlango wa nyumba moja tu, na ukilikata vipande halifiki mlango wowote. Wakaamua apewe yule aliyemrudisha Mbwana kwa mwanawe, apate bomba uani kwake, afungue maji akiwa ndani ya kanga.

"Ni Bupe," wakasema wengine. "Bila suti ile angekufa asubuhi, hata mchana asingeufikia. Na yeye anapanda korongo na gongo moja na ndoo moja."

"Suti hiyo hiyo ndiyo iliyokataa kuvuka!"

"Nani aliipasua? Wewe ungeipasua nguo uliyoishona siku tatu?"

"Ni Bwana Dakika," wakasema wengine. "Sisi wote tulisema aachwe. Wote. Angetusikiliza tungevuta maiti. Na mzee yule anaishi peke yake na mgongo wake ule."

"Lakini alimruhusu kushuka mara ya pili akiwa na baridi. Saa mbili mkononi, na hakuona midomo?"

"Ni Ikupa," wakasema wengine, kwa sauti ya chini. "Walimleta nje anakufa, na sisi tulikuwa tunampeleka motoni kumsugua. Na ana mtoto mchanga."

"Amevunja mwiko mbele ya baba mkwe wake. Kijiji kimpe na zawadi? Na zaidi ya hayo, mke kumwokoa mumewe, hiyo si nyumba yake mwenyewe?"

Wakamwita Mbwana ukumbini aseme. Akasimama na makoti mawili. "Mimi nilikuwa chini," akasema. "Chini niliona giza, na kamba. Mkinilazimisha kuchagua nitarudi ziwani."

Wakacheka.

Mama Tumpe akamgeukia Ambakisye. Naye akasimama, akampa Ikupa mgongo kama desturi inavyotaka, akakohoa. "Mwali wangu alinisemesha," akasema. "Sijui kama ni kosa. Ninachojua, miaka miwili nilikuwa namkoholea apite, na siku ile kama angeingia migombani, mimi sasa ningekuwa baba wa marehemu."

Bupe akasema, "Msinipe kwa kunionea huruma mguu. Kama ni kwa mkasi, sawa."

Na Ikupa? Ikupa alikuwa mlangoni mwa ukumbi, nusu ndani nusu nje. Alilitaka lile bomba, jamani, alilitaka kuliko alivyoweza kusema, aache kuwa mtu wa kurudi kutoka nusu ya njia. Na aliogopa kupewa. Alimgusa Lusajo miguu, akamgusa Mbwana masikio, akatoka, akarudi.

Roli la bomba bado liko pale nje ya ukumbi, na majembe yameegemezwa ukutani. Wote watatu wanaamka mapema wanashuka korongoni, mmoja na gongo, mmoja anakohoa, mmoja anageuka nyuma.

Basi ninyi mliosikia, shikeni majembe. Ule mtaro mngeuchimba kuelekea mlango wa nani?