Nyenga Aliyenyimwa Mchanga

Fundi mmoja wa majokofu, jina lake Shechonge, alikuwa na nyenga sebuleni. Nyenga ni yule samaki bapa kama sinia, mwenye mkia mrefu wa miiba. Huyu hakuwa wa maji yetu ya vuguvugu. Alitoka bahari za mbali zenye baridi. Hoteli moja ya pwani ilipofunga milango, mwenyewe alimwachia fundi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kumpozea maji. Shechonge akampandisha huku kwetu milimani, akamjengea tangi la vioo lenye urefu wa kitanda, akaifunga nyuma yake mashine ya jokofu. Maji yalikuwa baridi hata vioo vikatoka jasho.

Hakumleta bure. Miezi miwili nyuma, mkewe Zubeda alizaa mtoto wa kiume, akaishi siku kumi na moja. Tulizika, tukakaa matanga siku tatu, tukatawanyika. Sisi tuliokwisha kuanza kumwita Mama Faraji tukarudi kumwita Zubeda, kimyakimya, kama mtu anayerudisha sahani ya kuazima. Shechonge hakuuweza ukimya wa nyumba ile. Alikuwa mtu mwema, msinielewe vibaya. Alitaka tu mkewe acheke.

Zubeda ndiye aliyemtunza mnyama. Asubuhi alisoma kipimajoto, akapima chumvi, akanyonya maji machafu kwa mpira na kuingiza mengine aliyoyaandaa tangu jana yake. Alikata ngisi vipande vidogo na kuviteremsha kwa koleo refu hadi chini kabisa, maana mdomo wa nyenga uko tumboni. Chini kulikuwa na mchanga laini, kina cha shibiri. Nyenga alijitikisa mara moja, akajifukia, yakabaki matundu mawili tu ya kupumulia, juu ya kichwa, yakifunguka na kufumba. Zubeda alikaa kwenye kigoda nyuma ya tangi, kule kwenye mashine, akiyatazama. Alikaa hata uji ukaungua jikoni, na harufu ikafika kwa majirani, na majirani wakapata la kusema.

Wageni walikuja kumtazama samaki, nami nikiwamo, kwani nani angekosa? Hatukuona kitu. Mchanga tu, na baridi ikitupanda miguuni. Tukatoka tukinong'ona kwamba fundi anawaonyesha watu tangi tupu. Maneno yakamfikia. Samaki asiyeonekana ana faida gani, akamwambia mkewe, akauchota mchanga wote kwa sufuria, akaumwaga migombani. Zubeda alimwambia mara tatu kwamba mnyama huyu lazima alale chini ya kitu. Hakusikilizwa. Siku hiyohiyo, kile chumba cha uani ambamo Zubeda alikuwa akijifungia mchana, fundi alikitoa mlango. Alisema nyumba inataka hewa.

Tangu hapo nyenga hakutulia. Alijitikisa juu ya kioo kitupu akitafuta pa kuingia, hata tumbo likachubuka. Mwisho akaanza kupanda ukuta wa tangi, upande wetu wageni, na hapo ndipo tulipouona uso wake. Ulikuwa mweupe, wa mviringo. Macho mawili madogo, na chini yake mdomo uliopinda, ukifumba na kufumbua. Alikuwa anatucheka. Ulikuwa kama uso wa mtoto aliyekwisha kuoshwa, lakini hilo hakuna aliyelisema kwa sauti.

Habari zilienea hata mitaa ya bondeni. Kila aliyefika alisogea kiooni, akacheka, na uso ule ukamjibu. Kadiri siku zilivyokwenda ndivyo ulivyozidi kupanda, hata kabla mgeni hajaketi. Na Zubeda alipita na sinia la chai, amekonda, shingo imekuwa kama ya kuku, anatabasamu. Wanawake tulisema ameanza kusahau. Tulisema samaki amemponya.

Ijumaa moja baada ya swala sebule ilijaa. Mzee Hoza, karani mstaafu mwenye mdomo usiofungwa, alimshika Zubeda mkono akamsimamisha kando ya tangi. "Shemeji," akamwambia, "huyu anakushinda kwa kucheka. Hebu shindaneni tuone." Watu wakaangua kicheko. Zubeda akatabasamu zaidi. Ndani ya maji, kingo za nyenga zikaanza kujikunja polepole kuelekea mgongoni, kama mkeka unaokunjwa. Mtu akasema anatupungia mkono, nasi tukampungia.

Shechonge alifurahi, akamuuliza mkewe mbele ya wote kama hajapata kuona jambo zuri kuliko hilo.

Zubeda alisema, bila kuliacha lile tabasamu, "Hayo unayoyaita macho ni matundu ya pua, na kujikunja huko ni ugonjwa. Macho yake yako nyuma. Zunguka ukayatazame."

Fundi alizunguka akidhani ni mzaha. Tangu alipofunga ile mashine hakuwa amekanyaga upande ule. Aliyakuta macho mawili yamezama, yamefunikwa utando kama maziwa yaliyolala, yakimtazama. Hayakuwa na kicheko. Kisha, kupitia yale maji, akatuona sisi: nyuso nyingi nyeupe kwa mwanga wa tangi, zimebanwa kiooni, midomo ikifumba na kufumbua bila sauti. Katikati yetu alisimama mkewe. Alikuwa na uso uleule.

Alitutoa nje. Hakutupa hata muda wa kumaliza chai. Aliukusanya mchanga migombani kwa mikono yake, akauosha maji mengi mpaka ukatakata, akaurudisha tangini kiganja kwa kiganja. Kisha akarudisha mlango wa chumba cha uani. Zubeda aliingia, akafunga, na kilio kilichotoka humo kilifika barabarani. Hakikuwa kimewahi kusikika, hata siku ya mazishi. Tulikimbilia pale tukidhani kuna msiba mpya. Shechonge alisimama mlangoni, akatuambia ni uleule.

Kama nyenga alipona sijui. Jumatatu nilisingizia kuomba chumvi, nikachungulia. Sikuona samaki. Niliona mchanga, na matundu mawili yakifunguka na kufumba, taratibu sana, na fundi akiwa amekaa sakafuni mbele yake, huku mlango wa uani bado umefungwa.

Nanyi mnaokwenda kwa mfiwa mkataka atabasamu kabla chai haijapoa, mnapomwona anawachekea, huwa mmesimama upande gani wa kioo?