Viatu vya Arusi vya Zumaridi

Kiatu hulia njiani, kisigino huumia kimya. Ndiyo maneno mliyoyasikia leo arusini, watu waliposifu jinsi bibi arusi alivyocheka kutwa, na shangazi yake Zaituni akawajibu hivyo. Nanyi mkaangua kicheko, mkidhani anafanya mzaha. Zaituni hana mzaha, tangu utoto wake. Wekeni simu zenu chini, niwaeleze maneno hayo yalikotoka.

Zamani, huko Kitangani, mji wa vichochoro vya mawe, bwana arusi alipelekwa kwa mkewe juu ya farasi. Wanawake waliokuwa ndani hawakuchungulia dirishani, walitega masikio tu. Wakisikia chuma kinagonga mawe, vigelegele vinapasuka. Mlio mkali ulihesabiwa heri. Na siku mwenye farasi alipofariki, farasi wake aliwekewa ngozi chini ya kwato, afuate jeneza bila sauti. Kwa hiyo ngozi kwenye ukwato ilikuwa na maana moja tu katika mji ule, nayo ni msiba.

Farasi wa arusi alikuwa wa Shebwana Famau, jike wa kijivu aitwaye Zumaridi. Mama yake alikufa akimzaa, na mke wa Shebwana ndiye aliyemlea kwa maziwa ya ng'ombe. Mke naye alipotangulia mbele ya haki, Shebwana alibaki na mwana mmoja, Mbwarali, na farasi huyo. Watu walimcheka kwa kuzungumza naye zizini kama mtu na mwenzake. Hakuwajali. Alimpenda, na nasema alimpenda kweli, msije mkamwita katili kabla sijamaliza.

Arusi ya Mbwarali ilipokaribia, Zumaridi alianza kusimama huku mguu mmoja wa mbele ameunyosha, kisha anaubadili. Kwenye mchanga alikwenda sawa. Kwenye mawe alitanguliza ncha ya ukwato, hatua fupi fupi, kama mtu anayepita kwenye miiba. Shebwana akampeleka kwa Fundi Baishe, mhunzi aliyewavisha farasi wa mji ule viatu.

Baishe aliubana ukwato kwa koleo, upande wa nyuma. Zumaridi akaupokonya mguu, shingo ikamtetemeka, lakini hakutoa sauti.

"Visigino vya mbele vinamuuma, Bwana Shebwana," alisema fundi. "Viatu hivi vyembamba viko wazi nyuma, kila hatua jiwe linampata palepale. Nitamfulia vilivyofungwa nyuma, chuma kipite chini ya kisigino kikibebe. Halafu niweke ngozi katikati, ipunguze kishindo. Apumzike mpaka masika yapite. Atapona, inshallah."

"Ngozi?"

"Bila ngozi sikuahidi kitu."

"Nimpeleke mwanangu kwa mkewe kwa kwato za matanga? Baishe, umeyaona wapi hayo?"

"Basi kijana aende kwa miguu. Miguu anayo."

"Babu yake alipanda, na mimi nilipanda. Watu watasemaje? Kwamba namwombea mwanangu kifo?"

"Watasema watachoka. Mawe atayakanyaga Zumaridi, si wao."

Shebwana alimtazama farasi wake. Zumaridi alikuwa akinusa mfuko wa kanzu yake, kwa kuwa alizoea kupewa tende. Moyo ukamwambia, mbona mzima huyu! Ah, moyo wa mtu anayetaka lake hauna haya.

"Hajalalamika hata mara moja," alisema. "Mvishe vile vyembamba vya arusi. Hivyo vya ngozi atavaa fungate ikiisha."

Baishe akagongomea misumari bila kuongeza neno. Huyo naye sijamsamehe mpaka leo, maana alijua.

Siku ya arusi Zumaridi alipambwa kwa asumini, Mbwarali akapanda, na Shebwana akashika hatamu kwa mkono wake. Chuma kililia kuliko arusi zote zilizotangulia. Nyumba hadi nyumba, vigelegele viliwapokea. Shebwana, aliyekuwa ubavuni, aliona kichwa cha farasi kikiinuka kila mguu wa mbele ulipogusa jiwe. Aliona jasho shingoni, na jua halijawa kali. Akajua, bila ya kuambiwa na mtu. Angeweza kusema simameni. Lakini mlango wa bibi arusi ulikuwa umekaribia, watu walikuwa wakimpongeza, na yeye akaendelea kuvuta hatamu.

Penye mteremko wa mwisho Zumaridi alijaribu kukwepesha visigino, chuma kikateleza, akaanguka kifudifudi. Mbwarali alirukia pembeni, hakuumia. Mguu wa farasi ulikuwa umevunjika.

Shebwana akamsukuma mwanawe mlangoni. "Ingia kwa mkeo. Usiseme neno mpaka watu wamekula." Kisha akaketi juu ya mawe na kukipakata kichwa cha Zumaridi. Waliokuwa ndani hawakujua lolote, vigelegele viliendelea juu ya vichwa vya Shebwana na farasi wake. Zumaridi alimtazama bwana wake, akihema, na hata hapo hakulia. Shebwana ndiye aliyelia, tena mbele za watu. Baishe alipofika aliupapasa mguu, akatikisa kichwa. Wakammaliza palepale.

Baadaye jirani mmoja alikuja kumpa pole, akasema kwa kutaka kumliwaza, "Hata hivyo alilia vizuri njiani, Shebwana. Mji mzima ulimsikia."

Shebwana akamjibu, "Kilicholia ni kiatu. Kisigino kiliumia kimya, na hatamu nilishika mimi."

Hakufuga farasi tena. Maneno yake yakatembea mdomo kwa mdomo, mpaka yakafika kwa Zaituni, na leo yamefika kwenu.

Mimi sijui lililomo moyoni mwa bibi arusi wetu, na nyinyi hamjui. Kesho mkimpelekea chakula, msikisifu kicheko chake. Mwulizeni hali, kisha nyamazeni mpate kumsikia. Kiatu hulia njiani, wanangu, kisigino huumia kimya.