Mkanda wa Pawatila ya Mzee Ambakisye

"Si kila kiliacho hulilia mafuta," Bibi Tusekile alisema alipomwona mjukuu wake Lugano akimtia mdogo wake biskuti nyingine mdomoni. Mtoto alikuwa amejaa biskuti mashavuni na bado analia. Wajukuu wakacheka, wakamuuliza msemo huo ameutoa wapi. Bibi akaendelea kupepeta mchele wake, akawaambia ulizaliwa hapahapa bondeni, pawatila, zile trekta ndogo za magurudumu mawili, zilipoanza kuingia kwenye mashamba ya mpunga, na ulizaliwa hivi.

Palikuwa na Mzee Ambakisye, mtu mwema asiyeweza kuvumilia mlio wa chuma. Mfukoni alitembea na kikopo cha mafuta chenye mdomo mrefu. Bawaba ikilia, mafuta. Baiskeli ya mchungaji ikilia, mafuta, hata kama mchungaji mwenyewe yuko juu yake. Aliponunua pawatila, aliipenda kama mtoto wa uzeeni.

Siku moja ilimpasa kuvuta tela lililobeba ujumbe wa posa ya Sambwe, mtoto wa marehemu mdogo wake. Sambwe alikuwa amekwisha kungoja msimu mzima. Ukoo wa binti ulikuwa na desturi isiyopinda: waposaji wakikuta chakula cha mchana kimeshaliwa, huambiwa warudi baada ya mavuno. Na kwa kijana anayependa, mavuno ni mbali.

Mzee akawasha mashine, akaachia klachi. Mkanda wa mpira unaozungusha magurudumu ukapiga ukelele uliowatawanya kuku wote uani.

"Baba mkubwa, mkanda umelegea," Sambwe alisema. "Tusogeze injini mbele kidogo, ukaze."

"Mtu akilia humkazi, unambembeleza," mzee alijibu, akaumiminia mkanda mafuta.

Ukelele ukakatika. Mzee akawatazama mmoja mmoja, mpaka dada yake, Shangazi Ngwitika, akalazimika kumsifu.

Kwenye tambarare walikwenda vizuri. Walipofika kwenye tuta la mfereji, injini ikanguruma, lakini mkanda uliolowa mafuta ukateleza na magurudumu yakagoma. Mzee akauongezea mkanda mafuta. Tela likaanza kurudi nyuma taratibu, shangazi akiwa juu yake amekumbatia jogoo wa posa. Mzee akaongeza tena. Mkanda ukafuka moshi, na harufu ya mpira unaoungua ikawajaa puani. Ng'ambo ya mfereji waliuona moshi wa jiko la wakwe, nao ulikuwa unapungua.

Mzee alikitazama kikopo, kisha akamtazama Sambwe, ambaye alikuwa kimya kabisa. Kimya kile kilimchoma kuliko ukelele wowote.

"Mwanangu," alisema, "nimekuharibia."

Sambwe alikuwa keshashika spana, analegeza bolti za injini. Shangazi akashuka, akafungua kifurushi cha zawadi za mama mkwe, akatoa mche wa sabuni na kitenge kipya.

"Kaka, shika huku, sugua," alisema.

Wakauosha mkanda na puli zake, vile vigurudumu unavyozunguka, kwa maji ya mfereji, wakavikausha kwa kitenge. Sambwe akaisukuma injini mbele mpaka mkanda ukakaza, akafunga bolti. Tuta wakalipanda bila mlio wowote.

Walikuta sufuria ndiyo kwanza inafunuliwa. Mama mkwe akapokea jogoo, kipande cha sabuni kilichobaki, na kitenge chenye mistari myeusi ambayo kiwanda hakikuichora. Akakigeuza, akakinusa, akamgeukia shangazi. Ikabidi shangazi aeleze yote. Akina mama wakacheka mpaka wakashika mbavu, na posa ikapokelewa. Binti akaitwa, akaulizwa kama anawafahamu wageni hawa. Akasema anawafahamu, kisha akaangua kilio cha furaha.

Mkono wa Mzee Ambakisye ukaenda wenyewe mfukoni, ukatoka na kikopo.

"Kaka, kirudishe," Shangazi Ngwitika alimwambia. "Hujajifunza tu? Si kila kiliacho hulilia mafuta."

Bibi Tusekile alipofika hapo aliweka ungo chini. Lugano alimtazama mdogo wake aliyekuwa bado analia, akafikiri kidogo, kisha akamnyanyua. Mtoto alikuwa amekalia gunzi la mahindi. Alipoondolewa juu yake akanyamaza papo hapo.

Lugano akaila mwenyewe biskuti iliyobaki.

"Kweli, Bibi," alisema huku akitafuna. "Si kila kiliacho hulilia mafuta."