Kiti cha Kushoto

Sogeeni, na kila mmoja aje na masikio yake yote, maana nikimaliza hukumu itakuwa yenu.

Mungu hampi mtu mmoja vipaji vyote. Angefanya hivyo tusingehitajiana. Gwantwa, muuza chai wa njia panda, alipewa masikio. Kwaya ikiimba, alimjua aliyekosea sauti hata kama alikosea kimyakimya. Njiku, fundi umeme wa magari aliyehamia kutoka Singida, alipewa subira. Waya aliufuata kama mtu anayemfuata ng'ombe aliyepotea. Na Anangisye, fundi rangi, alipewa kile ambacho wengi wetu hatukiombi katika sala: ulimi usioweza kuficha kosa ukiulizwa.

Juu yao, mlimani, aliishi Mzee Ambakisye. Tangu mkewe Tusekile afariki, alibaki na pikapu yake tu, yenye kiti cha dereva na kimoja cha kushoto. Nayo pikapu ikaugua. Ikikimbia ni nzima. Ikisimama ingurume taratibu, ile hali mafundi wanaiita sailensi, inazimika, na kuiwasha tena ni mpaka isukumwe. Basi Mzee akaacha kusimama. Akawa anawapita watu akipunga mkono tu. Na kwetu, asiyesimama kukujulia hali amekukataa.

"Amekuwa na kiburi," watu walisema. "Hata salamu anaitupa dirishani kama ganda la ndizi!"

Wakaacha kumtembelea. Mwishowe hata kupunga wakaacha.

Jumapili moja baada ya ibada, Mzee akasimama mbele ya watu. "Ndugu zangu, sina kiburi, nina gari bovu. Nataka kwenda kwetu Kyela kulijengea kaburi la mke wangu. Nyuma nitapakia matofali na saruji, hapatabaki hata pa kuku. Atakayeliponya gari hili, nitamkalisha kwenye kiti cha kushoto, cha Tusekile, safari nzima. Nimechoka kusafiri na kiti kitupu."

Gwantwa ndiye aliyetangulia. "Baba, lete gari hapa kwenye chai yangu." Akafumba macho. "Kanyaga breki." Injini ikafifia, ikafa. Wakaisukuma, ikawaka. "Sasa vuta hendibreki, usikanyage kitu." Ikanguruma bila kufa. "Inakufa taa za breki zikiwaka," akasema. "Hii haina njaa ya mafuta, ina njaa ya umeme." Na mafundi wote waliowahi kuitengeneza zamani walikuwa wakisafisha njia ya mafuta!

Njiku akapokea hapo. Akapima betri: nzima. Oltaneta inayozalisha umeme: nzima. "Mzee, umeme ni mgeni. Akija, lazima apate njia ya kurudi. Huu wako unakwama kwenye kurudi. Injini ikikimbia unazalishwa mwingi, huoni upungufu. Ikitulia, taa ikinywa kidogo tu, basi." Akazifuata nyaya za ethi, zile za kurudishia umeme zinazofungwa kwenye bodi, moja baada ya nyingine. Zote zilikazwa vizuri. "Kosa limejificha chini ya bolti mojawapo, ila zina kutu. Nikizilazimisha zote zitakatika." Akanyoosha mgongo. "Hivi nani aliipaka pikapu hii rangi ya buluu?"

Anangisye alikuwa pale pale akinywa chai. Akaweka kikombe chini.

"Mimi. Mzee aliitaka rangi aliyoipenda marehemu. Waya wa nyuma ya betri niliufungua, nikapaka, nikaurudisha juu ya rangi. Nilijua inatakiwa kukwanguliwa ili umeme upite. Nilikuwa na haraka. Mungu anisamehe."

"Wewe!" Njiku akasema. "Mbwa akilala karibu yako ataamka buluu!"

Walicheka, Anangisye hakucheka. Akafungua bolti ile moja, akakwangua mpaka chuma kikang'aa, akakaza.

Mzee akawasha, akakanyaga breki, akawasha na taa zote. Pikapu ikatulia ikinguruma. Watu wakasogea dirishani, naye akawajibu salamu mmoja mmoja, hadi habari za watoto na za mbuzi.

Siku ya safari ikafika. Mzee akafungua mlango wa kushoto.

"Siku ya mazishi nilikuwa nimelazwa," Gwantwa akasema. "Niliimba na Tusekile kwenye kwaya miaka yote, na kaburi lake sijaliona."

"Mimi sina ndugu upande huu wa nchi," Njiku akasema. "Tangu nihamie, hakuna aliyewahi kunipeleka kwao."

Anangisye alikawia. "Mimi ndiye niliyemfanya Mzee akose watu. Ningependa kumsindikiza. Ila mkisema najilipa kwa kosa langu, sitabisha."

Mzee aliwatazama akaogopa. Alikuwa ametafuta mwenzake mmoja, akapata watatu. Akichagua, huenda akarudi amepoteza wawili.

Bila masikio ya Gwantwa, wangekuwa bado kwenye mafuta. Bila subira ya Njiku, asingeulizwa mtu habari za rangi. Bila ungamo la Anangisye, bolti isingejulikana. Lakini bila uzembe wake, pikapu isingeugua.

Injini inanguruma, mlango uko wazi, mvua imeanza kunyunya. Wewe uliyesikiliza, ungemwambia Mzee Ambakisye ampandishe nani?